Tusome DNA yetu yote, si jeni peke yake

Kila mwaka tukifika mada ya kinga ya mwili, haikosi mwanafunzi wa kuuliza: "Mwalimu, mbona mafua yaleyale yanamlaza mtu wiki nzima, na nduguye wanayelala chumba kimoja anapiga chafya siku moja tu yakaisha?" Ninafundisha Baiolojia kidato cha tano na sita hapa Makambako. Vitabu vinanipa jibu la kutaja umri, lishe, maradhi mengine na jeni. Si jibu la uongo, ila limeacha nje sehemu kubwa ya DNA yetu.

Jeni zinazotengeneza protini hazifiki asilimia 2 ya DNA ya binadamu. Karibu nusu yake imetokana na vipande vyenye tabia ya kujinakili au kuhama kutoka sehemu moja hadi nyingine. Humo, takriban asilimia 8 ya DNA yetu yote ni masalia ya virusi vilivyoingia katika seli za uzazi za mababu wa kale, vikarithiwa kizazi hadi kizazi.

Vipande hivi vinavyohama viligunduliwa kwenye mahindi. Huwa nikipata hindi lenye punje za madoadoa napita nalo dawati kwa dawati. Kipande kikijichomeka ndani ya jeni ya rangi, punje inapauka. Kikichomoka katika seli chache wakati punje inakua, rangi inarudi pale pale, na hilo ndilo doa la zambarau mnaloliona. Barbara McClintock aliyasoma madoa hayo kule Cold Spring Harbor, Marekani, katika miaka ya 1940. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka 81.

Sasa turudi kwenye virusi. Mwaka 2016 Edward Chuong, Nels Elde na Cédric Feschotte wa Chuo Kikuu cha Utah walichunguza masalia ya kirusi cha kale yanayoitwa MER41. Waliona kwamba baadhi yake yamekaa karibu na jeni za kinga na kuziamsha mwili unapotoa interferoni, kemikali ya kutangaza kwamba adui ameingia. Wakakikata kipande kimoja kilicho jirani na jeni ya AIM2, ambayo hutambua DNA ngeni ndani ya seli. Jeni yenyewe hawakuigusa. Hata hivyo interferoni haikuweza tena kuiamsha ipasavyo, na seli zilipoambukizwa kirusi cha vaksinia, mwitikio wake ulidhoofika. Mimi naona hili ni jambo kubwa mno: silaha ya adui wa zamani imegeuka kuwa sehemu ya ulinzi wetu.

Upo upande wa hatari pia. Vipande vya aina ya Alu vinaweza kutoa RNA inayofanana na ya virusi, na mwili hutumia kimeng'enya cha ADAR1 kuirekebisha ili kinga isiishambulie. Mtoto anayezaliwa na hitilafu katika kimeng'enya hicho anaweza kuugua ubongo, kinga yake ikipigana na adui asiyekuwepo.

Vipande hivi havilingani kwa watu wote, na tofauti za watu wa Afrika ndizo nyingi kuliko za kwingineko. Mwaka 2019 uchambuzi wa DNA za watu 910 wenye asili ya Afrika ulikuta takriban herufi milioni 300 zisizokuwemo kabisa katika ramani ya DNA iliyokuwa ikitumiwa duniani kote. Mwaka huohuo watafiti wa Uganda na wenzao walitangaza matokeo ya watu 6,400, wakiwemo karibu 2,000 waliosomwa DNA nzima. Ni kazi ya kujivunia. Lakini mashine zinazosoma vipande vifupi vifupi hupotea njia kwenye maeneo yanayojirudia, na huko ndiko vipande vinavyohama vilikojaa. Mashine za kusoma nyuzi ndefu zipo, ila gharama yake ni kubwa.

Ndiyo maana naziomba wizara za afya na tume za sayansi za Afrika Mashariki: utafiti ujao wa DNA zetu utengewe fedha za kusoma nyuzi ndefu, na ufanyike katika maabara zetu, na vijana wetu waliosoma Baiolojia. Wanafunzi wangu wanastahili kujibiwa swali lao kwa takwimu za watu wa kwao.