Waliyoyatenda Mchana Tusiyasake Gizani

Mnamo mwaka 1995 nilikuwa nikifundisha Historia katika shule moja ya bweni ambayo sitaitaja. Usiku mmoja, wakati wa masomo ya jioni, viranja waliniletea mvulana wa kidato cha pili akiwa amefungwa mikono kwa tai yake mwenyewe. Ndani ya sanduku lake walikuwa wameona daftari, na ndani ya daftari mchoro: bikari iliyotanuliwa juu ya kipimo cha pembe cha seremala, na katikati herufi G. Mtoto alijitetea kwamba aliiona alama hiyo mjini Nairobi akiwa likizoni, ikamvutia kwa unadhifu wake, akainakili. Hakuna aliyemsikiliza. Asubuhi yake alipewa barua ya kwenda nyumbani kwa wiki mbili, na wiki hizo hazijaisha hadi leo, kwa maana hakurudi. Mimi niliijua alama ile. Nilikaa katika chumba cha walimu, nikanywa chai yangu, nikanyamaza.

Wakati huo nchi nzima ilikuwa imeshikwa na hofu. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi alikuwa ameunda tume, chini ya uenyekiti wa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, kuchunguza madai ya ibada ya shetani. Ripoti yake ilifikishwa Bungeni mwaka 1999, na Wafrimasoni walikuwa miongoni mwa waliotajwa humo. Nayo methali yetu ilikuwa tayari kutuauni: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sijui methali nyingine iliyowadhulumu watu wengi kama hii.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya mtu mmoja ambaye nimekuwa nikisoma habari zake: Jenerali Charles Warren, askari wa Uingereza na Mfrimasoni maisha yake yote. Msomaji mwenye haraka ataniuliza kama nami ni mmoja wao. La, si mmoja wao, wala sijapata kualikwa.

Warren alizaliwa Bangor, huko Wales, mwaka 1840, mwana wa mwanajeshi. Aliingia kikosi cha wahandisi wa jeshi mwaka 1857 akiwa kijana wa miaka 17, akapelekwa Gibraltar kulipima lile jabali maarufu, na huko huko, mwaka 1859, akaingizwa katika Ufrimasoni. Tangu hapo hadi alipofariki mwaka 1927 alivitumikia viwili hivyo sambamba, jeshi na loji, na ni vigumu kusimulia habari za kimoja ukakiacha kingine.

Ufrimasoni, jinsi unavyojulikana Uingereza, ni udugu wa wanaume wanaokiri kuwako kwa Mungu, wanaokutana katika loji na kufundishana maadili kwa mifano iliyotolewa katika kazi ya uashi na ujenzi wa hekalu la Mfalme Suleimani. Ndiyo asili ya bikari na kile kipimo cha pembe. Wana viapo, wana ishara za kutambuana, na mabishano ya dini na siasa hayaruhusiwi vikaoni mwao. Kwa afisa wa himaya, aliyehamishwa kila baada ya miaka michache, loji ilikuwa na faida ambayo haihitaji uchawi kuieleza: popote bendera ya Uingereza ilipopepea alipata chumba chenye watu walioitana ndugu. Warren mwenyewe, alipokuwa kamanda wa kambi ya Singapore kuanzia mwaka 1889, alikuja kuziongoza loji zote za eneo lile.

Kati ya mwaka 1867 na 1870 alichimba Yerusalemu kwa niaba ya shirika la Palestine Exploration Fund. Kwa kuwa hakuruhusiwa kuchimba ndani ya Haram al-Sharif, alizamisha mashimo nje ya kuta na kupenya chini kwa chini, akifuatana na Sajini Henry Birtles. Safari moja walivuka njia iliyojaa maji machafu kwa kutumia milango mitatu mikuukuu, wakisimama juu ya mmoja na kuusogeza mwingine mbele. Mfrimasoni kuchimba penye hekalu la Suleimani! Mwenye kusaka njama angepata hapa karamu. Alichokiacha, hata hivyo, ni vipimo, michoro na vitabu ambavyo wanaakiolojia wamevirejelea kizazi baada ya kizazi.

Mwaka 1884 Wafrimasoni tisa walipata hati ya kuanzisha loji mpya jijini London, iitwayo Quatuor Coronati, naye Warren akawa kiongozi wake wa kwanza. Shughuli yake ilikuwa, na ingali, kuichunguza historia ya chama chao kwa hati na ushahidi badala ya hekaya. Loji hiyo ilibidi ingoje hadi Januari 1886 kufunguliwa rasmi, maadamu kiongozi mwenyewe alikuwa Afrika.

Na huku Afrika alikuwa akifanya nini? Aliongoza askari wapatao 4,000, wenye baluni za kumchungulia adui kutoka angani, kuelekea Bechuanaland, nchi ambayo leo imegawanyika kati ya Botswana na Afrika Kusini. Makaburu walikuwa wamejitangazia vijamhuri viwili, Stellaland na Goshen, juu ya ardhi ya Watswana. Warren alivivunja bila vita. Tumpe haki yake: alisimama pamoja na mmisionari John Mackenzie dhidi ya walowezi, akagombana na Cecil Rhodes, na kabla ya mwaka 1885 kwisha alikuwa ameitwa arudi kwao. Lakini uamuzi wa kuitia nchi ile chini ya ulinzi wa Uingereza ulikuwa umekwisha kukatwa London mnamo Januari 1885. Khama, Sechele na Gaseitsiwe, waliokuwa na nchi yao, walifikishiwa habari miezi kadhaa baadaye, na aliyewafikishia ni Warren. Sehemu iliyo kusini ya mto Molopo ikafanywa koloni mwaka ule ule, kisha mwaka 1895 ikaunganishwa na koloni la Cape.

Ninawaomba walimu wenzangu walitazame jambo hilo vizuri. Halikufanywa usiku. Hapakuwa na bawabu mwenye upanga mlangoni wala neno la siri. Lilitangazwa magazetini na kusifiwa, na waliolifanya walipewa nishani wazivae kifuani mbele ya kadamnasi. Kiapo cha Warren kilimwambia kwamba wanadamu ni ndugu; kazi yake ilimwambia awaarifu ndugu hao kwamba nchi yao imekwisha kuamuliwa. Mimi kiapo hakinitishi. Inayonitisha ni ile kazi.

Mwaka 1886 alifanywa Kamishna wa Polisi wa London. Novemba 13, 1887, baada ya yeye kupiga marufuku mikutano katika uwanja wa Trafalgar, waandamanaji waliolalamikia ukosefu wa kazi na hali ya Ireland walikutana na polisi wapatao 2,000 wakisaidiwa na askari wa jeshi. Watu wengi walijeruhiwa, na Waingereza wakaiita siku hiyo Jumapili ya Damu. Sisi tunaokumbuka Kamukunji, Julai 7, 1990, hatuhitaji kuelezwa mkutano uliopigwa marufuku huishaje.

Ajabu ni kwamba si hilo lililomtia Warren katika vinywa vya watu. Mwaka 1888 wanawake maskini wa Whitechapel waliuawa mmoja baada ya mwingine na mtu ambaye hajajulikana hadi leo. Alfajiri ya Jumapili, Septemba 30, polisi waliokota kipande cha aproni chenye damu katika mtaa wa Goulston, na juu yake ukutani palikuwa na maneno ya chaki yaliyowagusa Wayahudi, neno lenyewe likiwa limeendelezwa vibaya. Warren alifika akaamuru yafutwe kabla hayajapigwa picha. Baadaye aliandika sababu yake: mtaa ule ulikuwa wa Wayahudi, soko la Jumapili lilikuwa karibu kuanza, na umati ungeyasoma maneno yale ungewavamia watu majumbani mwao.

Kwa maoni yangu angeweza kuufunika ukuta kwa turubai akamngoja mpiga picha. Alifanya kazi ya askari anayezuia ghasia, si kazi ya mpelelezi. Hilo ni kosa ambalo mwanafunzi yeyote anaweza kulijadili kwa hoja. Lakini mwaka 1976 mwandishi Stephen Knight alitoa kitabu akidai kwamba neno lile lilikuwa fumbo la Kifrimasoni, na kwamba Warren alilifuta ili kuwakinga ndugu zake wa loji. Ushahidi haukupatikana, ila masimulizi yalienea, yakatengenezewa filamu, na leo ukimtaja Warren kwa vijana wengi, kama wamemsikia, watakwambia ndiye yule aliyemficha muuaji. Mtu aliyeongoza loji iliyoundwa kupambana na hekaya amemezwa na hekaya.

Ukitaka kosa lake lililoua watu, usilitafute Whitechapel. Nenda Natal. Warren alikuwa amekwisha kuwekwa kando katika jeshi alipoitwa tena mwaka 1899 kuongoza divisheni katika vita dhidi ya Makaburu, chini ya Jenerali Buller. Usiku wa kuamkia Januari 24, 1900, askari wake waliupanda mlima wa Spion Kop katika ukungu. Ardhi ilikuwa mwamba. Wakachimba handaki lisilofika hata kifuani. Ukungu ulipoondoka waligundua kwamba hawakuwa kwenye ukingo hasa wa mlima, na kwamba bunduki na mizinga ya Makaburu iliwakabili kutoka pande tatu. Kamanda wao, Jenerali Woodgate, alipata jeraha lililomuua. Chini ya mlima Warren hakujua yaliyokuwa yakitendeka juu, na juu hawakujua ni nani kati yao mwenye amri. Usiku Thorneycroft, aliyekabidhiwa uongozi katikati ya mapigano, aliwateremsha waliobaki bila kujua kwamba msaada ulikuwa njiani, huku Makaburu nao wengi wakiwa wamekwisha kuuacha mlima. Waingereza zaidi ya 240 walikufa. Kati ya wabebaji wa majeruhi katika vita ile walikuwamo Wahindi wa Natal, na miongoni mwao wakili kijana aitwaye Gandhi. (Wanafunzi wangu wanaoshabikia Liverpool hushangaa kusikia kwamba lile jukwaa la Kop huko Anfield limepewa jina la mlima huo.)

Habari hizi zote zimo katika barua na ripoti rasmi, nyingine zikiwa zimechapishwa mwaka ule ule wa 1900. Hakuna fumbo la kufumbuliwa. Warren alipandishwa kuwa jenerali kamili mwaka 1904, lakini hakupewa tena jeshi la kupigana nalo. Katika uzee wake aliandika juu ya vipimo na mizani ya kale, akaendelea na loji yake, na tangu mwaka 1908 akawalea vijana katika chama cha Skauti alichokianzisha Baden-Powell, yule yule aliyezikwa Nyeri mwaka 1941, ambaye mwenyewe hakuwa Mfrimasoni. Skauti nao wana kiapo, wana ishara ya vidole na wana namna ya kupeana mkono. Katika shule ile niliyoitaja walipiga gwaride kila Ijumaa na hakuna aliyewafungulia masanduku.

Wala sisemi kwamba chama cha siri hakiulizwi maswali. Kiulizwe: ni nani anayekubaliwa, ni nani anayekataliwa, hakimu aliye ndugu anaamuaje kesi ya nduguye. Hayo ni maswali ya haki na yana majibu yanayoweza kuchunguzwa. Ninachokataa ni kule kuandama mchoro wa bikari huku macho yetu yakipita juu ya mambo makubwa yaliyo wazi. Katika miaka ile ile tuliyokuwa tukiwasaka waabudu shetani mabwenini, ardhi ya umma, viwanja vya shule vikiwamo, ilikuwa ikigawiwa watu binafsi mchana, kwa hati zenye mihuri. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 imeyaeleza hayo. Hakuna kiranja aliyetumwa kufungua sanduku hilo, na sisi walimu tulipita kando ya nyua mpya tukielekea darasani kufundisha jinsi Wazungu walivyonyakua ardhi.

Mvulana yule sasa ni mtu mzima aliyepita miaka 40. Kama yu hai na gazeti hili limemfikia, ningependa ajue kwamba usiku ule, kabla ya kuirudisha daftari yake ofisini, niliupima mchoro. Pembe ilikuwa digrii 90 kamili.