Mama aliyeendesha nyumba kwa magoti

Mpenzi msomaji, mkokoteni huhitaji kuelezwa. Umeuona Marikiti, umeuona Gikomba, na bila shaka umewahi kuukwepa mbio ukiwa umesheheni magunia ya kabeji, naye mwenyewe akipiga mluzi ili apishwe njia. Sasa mtoe mwanamume huyo mwenye misuli. Mahali pake mweke baba wa watu, umlaze mkewe mgonjwa juu ya mzigo, na nyuma wasimame mabinti wawili, mmoja wa miaka 14 na mwingine wa miaka 9, wakisukuma. Kisha uwaambie kwamba safari yao ni zaidi ya kilomita 2,000, na kwamba majira ya baridi yako njiani.

Hiyo ndiyo safari iliyomkuta Nellie Pucell mwaka wa 1856.

Jina lake hasa lilikuwa Ellen. Alizaliwa 1846 katika kijiji cha Tintwistle, Uingereza. Wazazi wake, Samuel na Margaret, walikuwa wameifuata dini ya Wamormoni, kanisa lililoanzishwa Marekani mwaka wa 1830 na Joseph Smith. Smith alipouawa mwaka wa 1844, wengi wa wafuasi wake walihamia magharibi chini ya Brigham Young, na kufikia 1847 wakaanza kujenga mji wao, Salt Lake City, katika bonde kavu lililozungukwa na milima. Waumini wa Uingereza waliliita bonde hilo Sayuni. Kila mmoja alitamani kufika huko, lakini nauli, ndugu yangu, ndiyo iliyokuwa kizingiti.

Kanisa lilikuwa na hazina iliyoanzishwa mwaka wa 1849, ya kuwakopesha maskini fedha za safari ili wazirejeshe watakapoanza kujitegemea. Lakini mwaka wa 1855 ukame na nzige viliharibu mazao huko Utah, na hazina ikakauka pia. Ng'ombe na magari ya kukokotwa yalikuwa ghali mno. Brigham Young akatoa shauri kwamba wahamiaji wavute mikokoteni wenyewe. Kwenye karatasi, hesabu ilikuwa nzuri kabisa.

Familia ya Pucell ilipanda merikebu iitwayo Horizon, iliyong'oa nanga Liverpool mwezi wa Mei 1856 ikiwa na abiria zaidi ya 800. Walishuka Boston, wakapanda gari moshi hadi Iowa City, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Mikokoteni haikuwa tayari. Iliundwa haraka haraka kwa mbao mbichi, ambazo baadaye zilikauka na kusinyaa njiani, magurudumu yakawa yanalegea na kuvunjika. Kikosi cha Edward Martin, ambamo akina Pucell walikuwamo pamoja na watu wapatao 600, kiliondoka Iowa City mwishoni mwa Julai. Kila mtu mzima aliruhusiwa mzigo wa ratili 17 tu, pungufu ya kilo 8: nguo, matandiko na vyombo, vyote humo humo.

Je, hakuna aliyewaonya? Alikuwapo. Katika kikosi kilichowatangulia, cha James Willie, kulikuwa na mzee wa safari aitwaye Levi Savage aliyewahi kuipita njia hiyo. Walipofika Florence, huko Nebraska, mwezi wa Agosti, aliwasihi wenzake wapige kambi hadi msimu wa baridi upite, kwa kuwa wazee, wanawake na watoto wangeangamia. Walimshinda kwa kura, na wengine wakaona hana imani ya kutosha. Savage akafunga safari pamoja nao, akafanya kazi kama punda kuwaokoa wale wale waliompuuza. Kikosi cha Martin nacho kikafuata nyuma mwezi huo huo. Kwa maoni yangu, hapa ndipo pa kusimama kidogo, msomaji. Mtoto wa miaka 9 hapigi kura. Yeye hushika nyuma ya mkokoteni na kusukuma.

Oktoba ilifika wakiwa nyikani Wyoming, na posho ya unga ilikuwa imepunguzwa. Ili mikokoteni iwe myepesi, watu waliamriwa kupunguza mizigo, na mablanketi na nguo nzito zikatiwa moto. Siku chache tu baadaye, tarehe 19, walivuka mto North Platte kwa mara ya mwisho, maji yakiwa baridi ya kukata, na jioni ile theluji ikaanza kuanguka.

Samuel Pucell alikuwa amemvuta mkewe mkokotenini tangu augue. Mtoni aliteleza akaanguka majini. Alitoka akiwa amelowa chapachapa, na hakuwa na nguo kavu ya kubadilisha. Aliugua, akafariki baada ya siku chache. Siku tano zilipopita, Margaret naye akamfuata mumewe. Ardhi ilikuwa imeganda hivi kwamba kuchimba kaburi la maana kulikuwa muhali. Maggie na Nellie wakabaki yatima, maelfu ya kilomita kutoka Tintwistle, na mkokoteni bado unangoja kuvutwa.

Habari zilikuwa zimefika Salt Lake City mapema mwezi huo. Brigham Young, ambaye shauri la mikokoteni lilikuwa lake, alisimama mbele ya mkutano mkuu wa kanisa tarehe 5 Oktoba akataka magari, mafarasi, unga na vijana wa kwenda kuwaokoa watu. Siku mbili baadaye msafara wa kwanza ulikuwa barabarani. Wapanda farasi watatu walikipata kikosi cha Martin tarehe 28 Oktoba, na mwanzoni mwa Novemba kikajisitiri katika bonde dogo ambalo hadi leo huitwa Martin's Cove. Mwezi huo Nellie alitimiza miaka 10. Waliingia Salt Lake City tarehe 30 Novemba. Inakadiriwa kwamba watu kati ya 135 na 150 wa kikosi hicho walikufa njiani. Kwa haki ni lazima niseme kwamba vikosi vya mikokoteni vilikuwa kumi, kati ya 1856 na 1860, na vingi vilifika bila maafa ya namna hii. Waliochelewa ndio walioangamia.

Miguu ya wasichana wale ilikuwa imeganda. Viatu na soksi vilipovuliwa, ngozi na vipande vya nyama vilitoka navyo. Ya Maggie ilipona, lakini ya Nellie ilikuwa imekufa. Wakamfunga kwenye ubao na kumkata miguu yote miwili chini ya magoti, kwa kisu cha bucha na msumeno wa seremala, bila nusukaputi. La kusikitisha zaidi ni kwamba dawa ya kumlaza mgonjwa ilikuwa imeonyeshwa hadharani huko Boston mwezi wa Oktoba 1846, majuma machache kabla ya Nellie kuzaliwa. Mtoto alipita katika mji huo huo, lakini tiba yenyewe haikumfikia mahali alipoihitaji. Waliomkata hawakuifunika mifupa kwa nyama, kwa hiyo vidonda havikupona sawasawa maisha yake yote. Miguu ya mti ilimuumiza. Akawa anatembea kwa magoti.

Simulizi nyingi kuhusu mashujaa wa aina hii huishia hapo, watu wakafuta machozi na kufunga kitabu. Mimi nadhani hadithi yenyewe inaanza hapo, kwa sababu Nellie alikuwa na miaka karibu 60 mbele yake, na miaka hiyo haikuwa na wapanda farasi wa kumwokoa.

Alihamia mji wa Cedar City, kusini mwa Utah. Mwaka wa 1871, akiwa na miaka 24, aliolewa na William Unthank, naye hakuwa mke wa pekee; enzi hizo Wamormoni walioa mitala, desturi ambayo kanisa lao lilitangaza kuiacha mwaka wa 1890. Walijaliwa watoto sita. Mume hakuwa na kitu, na nyumba ilikuwa ya magogo, chumba kimoja, sakafu ya udongo.

William R. Palmer, mwanahistoria wa Cedar City aliyemfahamu, ndiye aliyetuachia habari za maisha ya nyumba hiyo. Sakafu ile Nellie aliinyunyizia maji na kuiparua hadi ikawa ngumu na laini kama iliyosakafiwa. Mekoni alipaka chokaa kila Jumamosi. Alifua nguo za watu kwa malipo, akipiga magoti kando ya karai sakafuni. Mikono ikipumzika kufua, ilifuma soksi na vitambaa vya meza vya kuuza. Haya yote, ewe unayelalamika kwamba lifti ya ghorofa yenu imeharibika, mama aliyafanya vidonda vikivuja.

Kanisa lake si geni kwetu. Liliandikishwa rasmi Kenya mwaka wa 1991, na hekalu lake la Nairobi likawekwa wakfu Mei 2025. Wako wanaokumbuka kwamba hadi 1978 kanisa hilo halikumruhusu mwanamume mweusi kupewa ukuhani, na hilo halistahili kufichwa tunapozisimulia imani za waliovuta mikokoteni. Mwaka huo huo wa 1991 sanamu ya shaba ya Nellie ilizinduliwa Cedar City, katika uwanja wa chuo kikuu cha huko. Mwenyewe alikuwa amefariki tangu 1915.

Pale mapato ya kufua na kufuma yasipotosha, askofu wa mtaa alimsaidia kwa chakula, na Nellie alipokea. Lakini hakutaka kubaki na deni. Mara moja kila mwaka aliwachukua watoto wake hadi nyumba ya ibada. Wavulana walichota maji, wasichana wakafuta madirisha, na mama akaisugua sakafu yote kwa magoti.