Kabla Hujauliza "Nani Kakuletea?"

Mwezi huu naomba tuzungumze jambo ambalo wapenzi wengi huliongea kwa kufokeana, au hawaliongei kabisa. Mama kaenda kliniki, kapimwa mlango wa kizazi, kaambiwa baadhi ya seli zimeanza kubadilika na chanzo ni kirusi cha HPV, ambacho huambukizwa kwa ngono. Anarudi nyumbani anampigia simu mwenzake aliye machimboni. Swali la kwanza analokutana nalo: "Nani kakuletea?"

Kwenu mlioko Geita, Kahama na Shinyanga, hili si geni. Ukanda wa dhahabu ni ukanda wa watu wanaopendana kwa mbali. Mmoja yuko duarani au zamu ya mgodini, mwingine yuko mjini na watoto. Wivu haukosi pa kukaa. Ndiyo maana nataka tujue kwanza kinachotokea ndani ya seli, kabla mtu hajafunga begi lake.

Mwili wetu una walinzi. Kila seli inapogawanyika hunakili vinasaba vyake, na katika kunakili makosa hutokea. Hapo ndipo inapoingia protini iitwayo p53, ambayo wanasayansi waliigundua mwaka 1979. Ikiona hitilafu inasimamisha kazi na kuwaita mafundi warekebishe. Ikishindikana, inaiamuru seli hiyo ife. Mwenzake, protini ya Rb, ameshika breki ili seli isianze kugawanyika kabla ya wakati wake. Ni kama ukaguzi wa geti la mgodi: hata uwe meneja, hupiti bila kupekuliwa.

Umewahi kujiuliza kwa nini tembo, na ukubwa wote ule, hupata saratani kwa nadra? Mwaka 2015 watafiti walieleza kwamba tembo ana nakala 20 za jeni inayotengeneza p53, wakati binadamu ana moja tu kutoka kwa kila mzazi. Sisi, jamani, tuna walinzi wachache, kwa hiyo wakiondolewa tunaumia.

Na HPV ndicho inachofanya. Aina ya 16 na ya 18, zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi, zina protini mbili chafu. Moja, E6, inaikamata p53 na kuifanya ivunjwevunjwe. Nyingine, E7, inaibana Rb mpaka breki inaachia. Geti linabaki wazi, na seli zenye makosa zinapita na kuzaana.

Habari njema ni kwamba mara nyingi kinga ya mwili hukifukuza kirusi hiki ndani ya miaka miwili hivi. Kikikaa, safari ya mpaka saratani huchukua miaka 15 hadi 20, au 5 hadi 10 kwa mwanamke mwenye kinga dhaifu, kwa mfano anayeishi na VVU bila kutumia dawa.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Kilichoonekana leo kinaweza kuwa kiliingia kabla hamjajuana. Huenda alikuja nacho yeye, huenda ulikuja nacho wewe, maana mwanaume hukibeba bila dalili yoyote. Sisemi hakuna anayetoka nje ya ndoa. Ninachosema ni kwamba kipimo hiki hakina tarehe wala jina la mtu, kwa hiyo hakifai kuwa shahidi wa kesi yenu.

Mfanye nini basi? Binti yenu apate chanjo. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima Aprili 2018, na mwaka 2024 ikawa dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Inatolewa mapema kwa sababu inazuia kirusi kuingia. Haiwezi kukitoa kilichokwisha kuingia.

Mama wa miaka 30 hadi 50 aende kuchunguzwa, na anayeishi na VVU aanze mapema zaidi. Njia moja ni rahisi: mlango wa kizazi unapakwa maji ya siki, na sehemu yenye shida inageuka nyeupe. Ikionekana mapema, inatibiwa kwa kugandishwa au kwa joto, mara nyingi siku hiyohiyo. Ikichelewa, safari inakuwa ndefu: Bugando kule Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam.

Na wewe baba, usibaki mtazamaji. Kondomu inapunguza hatari, ingawa haiimalizi. Tohara nayo inasaidia: utafiti wa Rakai, Uganda, uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba waliotahiriwa walikuwa na maambukizi machache zaidi ya HPV hatari. Nauli ya kliniki mpe mkeo bila kuombwa, na ukiwa mapumziko msindikize.

Mwanamke anayejua kwamba majibu yake yatageuzwa kuwa mashtaka hataenda kupima. Atakaa kimya, na wakati anakaa kimya geti liko wazi. Kwa hiyo simu ikilia na mwenzako akakwambia ameambiwa seli zimebadilika, muulize swali moja tu: "Wamekwambia urudi lini, tuende wote?"