Kuta Haziuguzi Mgonjwa

Kila mwaka mwezi wa Aprili Wabunge wetu hukusanyika Dodoma kwa ajili ya bajeti, na hukaa huko mpaka mwisho wa Juni. Katika siku hizo Mbunge mmoja husimama akauliza: Zahanati ya kijiji chetu imekwisha kujengwa, lini italetewa wauguzi? Serikali hujibu: Upungufu huo tunautambua, na tutaendelea kuajiri kadiri fedha zitakavyopatikana. Mbunge huuliza maswali yake mawili ya nyongeza, hushukuru, huketi. Mwaka wa pili swali ni lile lile, na jibu ni lile lile.

Sisi tunasema kwamba jibu la namna hiyo si jibu. Na Mbunge anayeridhika nalo hakuuliza swali.

Hatusemi haya kwa chuki, wala hatusemi kwamba hakuna kilichofanyika. Haki ni haki. Uchunguzi wa afya ya uzazi wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila vizazi hai 100,000 walikufa akina mama 556 kwa sababu za uzazi. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha 104. Hayo ni maendeleo makubwa, na anayeyakana ni mwongo. Lakini tuulizane: ni nani aliyeyaleta? Si matofali. Ni mkunga aliyekesha, ni tabibu aliyeitwa usiku akaja, ni dereva aliyemfikisha mgonjwa hospitali. Basi ikiwa watu ndio waliotupatia sifa hii, kwa nini tunapohesabu maendeleo tunahesabu majengo kwanza?

Katika ziara zetu za matawi tulifika zahanati moja, nzuri, bati jipya, rangi bado inang'aa. Mlango ulikuwa umefungwa. Nje walikaa akina mama sita na watoto wao, na mzee mmoja aliyejifunika blanketi. Tukauliza, muuguzi yuko wapi? Wakatwambia amekwenda wilayani kufuatilia dawa. Yuko peke yake. Yeye ndiye anayezalisha, ndiye anayechoma sindano, ndiye anayetunza daftari la dawa, ndiye anayeandika taarifa ya mwezi. Aliporudi jioni, juu ya pikipiki, na boksi la dawa mapajani, hata maji hakunywa. Alifungua mlango akaanza kazi. Tukampa pole. Akasema, "Ndugu zangu, pole nimezizoea. Nileteeni mwenzangu mmoja tu, nami nipate kulala."

Usiku ule ule aliletwa mama mwenye uchungu wa kuzaa. Alijifungua salama. Lakini kama angeletwa mchana ule angeukuta mlango umefungwa, na leo tungekuwa tunaandika habari nyingine.

Tupige hesabu, kama tunavyowafundisha watoto wa darasa la nne. Wiki moja ina saa 168. Mtumishi mmoja akifanya kazi saa 8 kwa siku 5 anapata saa 40. Zinabaki saa 128. Katika saa hizo ama muuguzi yule anafanya kazi bila kupumzika, ama zahanati ni jengo tu. Ikama iliyotolewa na Wizara ya Afya kwa miaka 2014 hadi 2019 ilisema zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15. Yule alikuwa mmoja.

Mwalimu akiingia darasani hahesabu madawati akaandika kwamba wanafunzi wapo. Anaita majina. Asiyeitika haandikwi kuwa yupo. Lakini katika mambo ya afya tumezoea kuhesabu madawati. Mwaka 2007 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, nao ulitaka kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Wananchi walibeba mawe, walichimba mchanga, walitoa fedha zao. Julai 2021 zilianza kukatwa tozo katika miamala ya simu, na tukaelezwa kwamba sehemu ya fedha hizo itajenga vituo vya afya. Vikajengwa. Novemba 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Yote hayo ni mema. Lakini kadi ya bima haimpimi mtu damu, na ukuta haumuuguzi mgonjwa.

Jambo la kushangaza ni kwamba watu wenyewe wapo. Vijana wetu wamesoma uuguzi, utabibu, maabara na ufamasia. Wazazi wao wameuza ng'ombe na mashamba ili wasome. Leo vijana hao wanauza vocha na kuendesha bodaboda, na vyeti vyao wamevifungia sandukuni. Kijiji kinamtaka muuguzi, na muuguzi anataka kazi, wala hawakutani. Kwa nini?

Kwa sababu mlango wa ajira una funguo nyingi, na kila ufunguo uko mfukoni mwa mtu mwingine. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ziko chini ya halmashauri na TAMISEMI. Hospitali za rufaa za mikoa ziko chini ya Wizara ya Afya. Kibali cha kuajiri kinatoka Utumishi. Fedha za mishahara zinatoka Hazina. Mbunge akimuuliza mmoja anaelekezwa kwa mwingine, na mwisho wa safari hakuna aliyekosea. Waswahili wanasema, wapishi wakiwa wengi mchuzi huharibika. Hapa mchuzi haujaharibika. Haujapikwa, maana kila mpishi anangoja mwenzake awashe moto.

Hiyo ndiyo kazi ya Bunge. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 63, inasema wazi kwamba Bunge ndicho chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Haikusema kuishukuru. Taarifa za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huwekwa mezani kila mwaka, nazo zimetaja mara nyingi upungufu wa watumishi wa afya. Wabunge wasiposoma na kufuatilia, karatasi zile zitaliwa na mchwa.

Tumekwisha kuona linalotokea usimamizi unapochelewa. Januari 2012 madaktari waligoma. Februari Waziri Mkuu, ndugu Mizengo Pinda, aliwasimamisha kazi Katibu Mkuu wa Wizara na Mganga Mkuu wa Serikali. Mei Waziri akabadilishwa. Juni mgomo ukarudi. Aliyeumia ni mgonjwa asiye na fedha za kwenda kwingine. Malalamiko yale hayakuzaliwa siku moja. Yangesikilizwa mapema, yasingefika wodini.

Tena mwaka 2017 watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa. Mwenye cheti cha uongo asimguse mgonjwa. Katika hilo hatuna ubishi. Lakini katika idara ya afya kila aliyeondoka aliacha kiti kitupu, na swali la nani atakaa katika kiti kile lilistahili kuulizwa siku ile ile, si mwaka uliofuata.

Wako wanaosema kwamba dawa ya mambo haya ni kiongozi mkali. Wanakumbusha Novemba 2015, Rais Magufuli alipoingia Muhimbili bila taarifa akakuta wagonjwa wamelala chini na mashine hazifanyi kazi. Zilikuwapo zaidi ya shilingi milioni 200 zilizochangwa kwa ajili ya hafla ya Wabunge, naye akaagiza sehemu kubwa inunue vitanda. Wananchi walishangilia, na walikuwa na haki. Lakini tufikiri vizuri. Rais mmoja hawezi kuingia kila zahanati ya nchi hii. Na ni fundisho gani kwa Bunge kwamba vitanda vilinunuliwa kwa fedha za karamu yake, wala si kwa swali lake?

Sasa tunataka nini? Kwanza, Mbunge asiulize "lini Serikali italeta watumishi." Aulize: zahanati hii inatakiwa kuwa na wangapi, inao wangapi, waliopungua ni kada gani, na watafika mwezi gani? Tarakimu hujibiwa kwa tarakimu. Pili, siku ya kujadili ikama, kamati za Bunge ziwaite TAMISEMI, Afya, Utumishi na Hazina wakae meza moja, ili asiwepo wa kumtupia mwenzake mpira. Tatu, kila ahadi ya Waziri iandikwe katika daftari na isomwe kikao kinachofuata. Jirani zetu wa Kenya wana Kamati ya Utekelezaji katika Bunge la Taifa, kazi yake ni kufuatilia maazimio ya Bunge na ahadi za Serikali. Si aibu kujifunza kwa jirani. Nne, fedha za kujenga zisipitishwe bila kuonyesha fedha za mishahara ya watakaofanya kazi ndani ya jengo.

Tunajua kuna wenzetu chamani watakaonung'unika. Watasema Mbunge anayeibana Serikali ya chama chake anawapa maneno wapinzani. Ndugu, maneno hayo si mageni. Lakini tangu TANU ilipozaliwa Julai 7, 1954, ilikuwa ikisema habari za shule na hospitali ambazo Mwafrika hakuzipata, na baada ya Uhuru maadui wetu walitajwa kwa majina yao: ujinga, maradhi na umaskini. Hakuna mahali ambapo maradhi yalisamehewa kwa kuwa tunatawala wenyewe. Anayeficha upungufu hakilindi chama, anakichimbia kaburi. Mama aliyekuta mlango umefungwa hahitaji mpinzani wa kumwambia kwamba umefungwa.

Wala tusimwachie Mbunge kazi yote. Kila tawi lichague watu wawili, waende zahanati yao kwa adabu, waombe kwa mganga mfawidhi idadi ya watumishi waliopo na wanaotakiwa. Wasimgombeze, yeye ni mchovu kuliko wao. Waandike tarakimu hizo katika karatasi moja, wampelekee diwani na Mbunge kabla ya Aprili, na wabaki na nakala. Mbunge akirudi kutoka Dodoma, katika mkutano wa kwanza aulizwe: Karatasi yetu ilisomwa? Ukajibiwa nini?

Muuguzi yule hakutuomba bati, wala rangi, wala pongezi. Aliomba mwenzake mmoja. Tutakapompatia, ndipo tutakapokuwa na haki ya kusema kwamba kijiji kile kina zahanati.

Uhuru na Kazi.