Mwalimu Mpya wa Namungo na Mizani ya Kumpimia

Kila mara Klabu ya Namungo inapoajiri mwalimu mpya wa mpira, mji wa Ruangwa hugawanyika pande mbili kabla mwalimu huyo hajafungua sanduku lake. Wako wasemao kwamba mkombozi amefika, na wako wasemao kwamba klabu imeokota mtu aliyeshindwa kwingine. Nachingwea, ambako wapenzi wengi wa timu hii hupanda magari kwenda Uwanja wa Majaliwa siku ya mchezo, mabishano ni yale yale. Pande zote mbili hutaja historia ya mwalimu kuwa ndiyo ushahidi wao. Sisi twaona kwamba historia hiyo yatajwa sana na yasomwa kidogo, hasa katika habari ya ulinzi, ambayo mara nyingi ndiyo huamua kama timu ya wilaya itabaki katika Ligi Kuu au itashuka.

Jambo hili si la mzaha. Majimaji ya Songea ilishuka mwaka 2018, na Ndanda ya Mtwara ikaifuata mwaka 2020. Kila aliyekuwa na kibanda cha chakula au nyumba ya wageni karibu na viwanja hivyo ajua maana ya kushuka. Mpira wa Ligi Kuu ukiondoka mahali, haurudi kwa kuitwa.

Na tuchukue mfano ulio wazi. Mwezi Oktoba 2024 Namungo ilimwajiri Ndugu Juma Mgunda, baada ya kuondoka kwa Mwinyi Zahera. Wapinzani wake walikuwa na hesabu moja mdomoni: Mei 8, 2019, timu yake ya Coastal Union ilifungwa na Simba magoli 8 kwa 1. Watetezi wake nao walikuwa na yao: mwaka 2022 aliishika Simba kwa muda, akaiingiza katika makundi ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika, na katika michezo minne dhidi ya Nyasa Big Bullets ya Malawi na Primeiro de Agosto ya Angola lango lake lilifungwa goli moja tu. Hesabu zote mbili ni za kweli. Lakini hakuna hata moja inayotueleza mtu huyu ni fundi wa namna gani.

Magoli manane kwa siku moja ni aibu, hatukatai. Lakini mtu mwenye haki hana budi kuuliza yaliyofuata. Mwaka 2020, miezi michache tu baada ya mwaka kupita tangu aibu ile, walinzi wawili wa kati wa Coastal Union walichukuliwa na klabu kubwa za nchi hii: Bakari Mwamnyeto akaenda Yanga, ambako baadaye alifanywa nahodha, na Ibrahim Ame akaenda Simba. Klabu hizo hazinunui walinzi kwa kuwahurumia. Kwa maoni yetu huo ndio ushahidi mzito kuliko wote katika historia ya Mgunda, nao ndio usiotajwa vijiweni. Mwalimu anayepokea vijana na kuwafanya walinzi wa kutamaniwa amefanya kazi inayoonekana, hata kama jedwali la ligi halina safu ya kuiandikia.

Kwa upande wa pili, sifa za mwaka 2022 zapaswa kupunguzwa kidogo. Alipofika Simba alimkuta golini Aishi Manula, na mbele yake walikuwapo Henock Inonga na Joash Onyango. Ukuta huo aliukuta umejengwa; kazi yake ilikuwa kuulinda usibomoke, naye aliifanya vizuri. Lakini Ruangwa haina Inonga. Anayetaraji kwamba mwalimu ataleta ukuta wa Simba mfukoni mwake anajidanganya, kisha kesho atamtukana mwalimu kwa ajili ya ndoto yake mwenyewe.

Mwaka 2024 Mgunda aliitwa tena Simba, mwezi Aprili, baada ya Benchikha kuondoka. Ligi ilipokwisha Simba na Azam zilikuwa na pointi 69 kila moja, na Azam ikashika nafasi ya pili kwa tofauti ya magoli. Basi kukawa na watu waliosema kwamba Mgunda ameikosesha Simba Ligi ya Mabingwa. Lakini tofauti ya magoli ni deni la msimu mzima. Ndani yake yalikuwamo magoli matano ambayo Yanga iliifunga Simba Novemba 5, 2023, siku ambayo mwalimu alikuwa Robertinho. Mfanyakazi wa ghala anayeshika funguo mwezi wa mwisho wa mwaka hawezi kudaiwa magunia yaliyopotea kabla hajaajiriwa.

Klabu yenyewe ya Namungo ina mfano mkubwa zaidi wa kutufundisha. Katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, 2019/20, chini ya Hitimana Thierry kutoka Rwanda, ilimaliza ya nne na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho la nchi, ikafungwa na Simba 2 kwa 1 huko Sumbawanga. Kwa njia hiyo ikaingia mashindano ya Afrika. Mwanzoni mwa 2021, chini ya Hemed Suleiman, aitwaye Morocco, iliitoa Primeiro de Agosto kwa jumla ya magoli 7 kwa 5, michezo yote miwili ikichezwa Dar es Salaam baada ya matatizo ya vipimo vya korona kule Luanda. Watu walisherehekea yale saba. Wachache waliyatazama yale matano. Halafu likaja kundi la Raja Casablanca, Pyramids na Nkana: michezo sita, kushindwa sita, bila goli hata moja la kufunga.

Aliyekuwa na haraka ya kuhukumu angeandika siku ile kwamba Hemed Suleiman hafai. Raja ndiyo iliyotwaa kombe mwaka ule, na Pyramids ilifika nusu fainali. Lakini mwenye haraka hana nafasi ya kutazama mambo kama hayo. Januari 2024, katika Kombe la Mataifa ya Afrika, mwalimu huyo huyo alikabidhiwa timu ya taifa katikati ya mashindano, baada ya kufungwa na Morocco magoli matatu. Michezo miwili iliyobaki ilikuwa sare: 1 kwa 1 na Zambia, kisha bila kufungana na Kongo. Novemba mwaka ule aliipeleka Tanzania katika fainali za 2025 kwa kuifunga Guinea 1 kwa 0. Agosti 2025, katika mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani, timu yake ilifungwa magoli mawili tu katika michezo mitano, na la pili ndilo lililoitoa katika robo fainali mbele ya Morocco. Mtu wa kushindwa mara sita na mtu wa magoli mawili katika michezo mitano ni mtu yule yule.

Watu wa Nachingwea wanayo sababu yao wenyewe ya kuogopa hesabu zinazopimwa vibaya. Mwaka 1947 waliletwa wataalamu wa mpango wa karanga, wenye sifa kubwa kutoka kwao, na lengo la zaidi ya ekari milioni 3 katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ripoti zilihesabu ekari zilizofyekwa. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa, na reli ya kutoka Mtwara haikudumu sana baada yake. Na mkulima wa korosho wa leo ajua vyema kwamba hapimwi kwa magunia peke yake: kwanza ataulizwa kama salfa ilifika kabla ubwiri unga haujashika maua.

Basi mwalimu wa mpira naye aulizwe maswali ya namna hiyo. Magoli aliyofungwa yalitoka wapi? Kama yalitokana na mipira ya kona na ya adhabu, lawama ni yake kwa sehemu kubwa, maana kupanga watu mbele ya lango ni kazi ya mazoezini. Kama yaliingia katika robo saa ya mwisho, aulizwe habari ya pumzi, lakini viongozi nao waulizwe timu ilisafirije. Safari kutoka Ruangwa hadi Mwanza au Bukoba kwa basi huwachosha hata wanaosafiri kwa kukaa tu. Kama yalitokana na makosa ya mlinzi mmoja yule yule, yafaa kujua nani aliyemsajili. Aghalabu mwalimu huwakuta wachezaji wamekwisha sajiliwa, hasa anapoajiriwa Oktoba ligi ikiwa imekwisha anza. Maswali haya hayapendwi na wapiga kelele wa jukwaani, ambao twawajua: wengi wao huingia uwanjani wakati wa mapumziko na kutoka kabla ya filimbi ya mwisho.

Hatusemi kwamba mwalimu asiondolewe. Yuko mwalimu ambaye kwa miezi mingi mabeki wake wanaachana hatua ishirini, kiungo harudi, na kila Jumamosi kosa ni lile lile. Huyo aambiwe kwaheri, na alipwe haki yake. Tunachokataa ni desturi ya kumwajiri mtu kwa sifa za timu nyingine na kumfukuza kwa michezo mitatu, kisha kumlipa fidia kwa fedha ambazo zingenunua mlinzi wa kushoto.

Twawataka viongozi wa Namungo, siku wanapomtambulisha mwalimu yeyote, wawatangazie wanachama mambo yafuatayo bila kuficha: wamempa wachezaji gani, dirisha la usajili limebaki lini, wanataka lango lifungwe mara ngapi hadi nusu ya msimu, na nani atakayeiandika hesabu hiyo mchezo kwa mchezo. Karatasi hiyo ibandikwe mlangoni pa ofisi ya klabu, mahali ambapo mtu wa Nachingwea aliyeshuka garini anaweza kuisoma.