Twachonga wafalme tusiojua kuwacheza

Mfinyanzi hulia gaeni, walinena wahenga. Nimeifunza methali hiyo darasani kwa miaka mingi, na kila mara wanafunzi wangu huifafanua bila taabu, wakapata alama zao, tukaendelea na somo. Lakini mimi mwenyewe sikupata kuiona kwa macho yangu hadi siku niliyoketi kushindana katika mchezo wa sataranji, ambao vijana wetu huuita chesi, katika ukumbi mmoja mjini Kisii.

Niliondoka Nyamira alfajiri, Jumamosi moja ya likizo ya Agosti. Matatu ilipopita Konate, ukungu ulikuwa bado umelala juu ya majani chai. Magotini nilikuwa nimepakata kisanduku kizito, na ndani yake kete 32 za jiwe laini la Tabaka, nilizozinunua kwa fedha yangu. Mfalme wake ni mzee aliyeshika fimbo. Malkia ni mama aliyejitwika mtungi. Ngome ni vibanda vya msonge, nao askari ni ngao ndogondogo zilizosimama wima. Sikuwa mchezaji hodari, nakiri. Lakini nilijiambia kwamba nikishindwa, angalau nitashindwa kwa kete za nyumbani.

Sikupata hata fursa hiyo. Mwamuzi alizitazama kete zangu, akazigeuza mkononi, akazisifu kwa dhati. Kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, hizi ni nzuri mno, lakini hatuwezi kuzitumia." Nilikisukuma kisanduku changu chini ya kiti. Juu ya kila meza mle ukumbini zilikuwa zimepangwa kete za plastiki zilizotoka ng'ambo.

Nataka nimtendee haki mwamuzi huyo kabla sijaendelea. Hakunionea. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, FIDE, lililoundwa Paris mwaka 1924, lina kanuni zake kuhusu vifaa. Kete ziwe za mbao au plastiki, au kitu kinachofanana na hivyo. Mfalme awe na kimo cha sentimita tisa na nusu hivi. Umbo linalopendekezwa ni lile liitwalo Staunton, ambalo lilianza kuuzwa London mwaka 1849 na kupewa jina la bingwa Mwingereza wa zama hizo. Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Mchezaji anayekimbizana na saa hapaswi kupoteza nukta akijiuliza iwapo kile kibanda ni ngome au ni askofu. Tena jiwe letu ni zito, na likidondoka sakafuni huvunjika.

Basi kanuni ile ina mantiki. Lililoniuma si kanuni. Lililoniuma nililigundua baadaye, jua lilipokuwa likielekea kutua.

Mashindano yenyewe yaliendeshwa kwa utaratibu uliotumiwa kwanza Zurich, Uswisi, mwaka 1895. Katika utaratibu huo hapana anayefukuzwa kwa kushindwa mara moja. Kila raundi, mchezaji hukutanishwa na mwenye alama kama zake, walioshinda kwa walioshinda, walioshindwa kwa walioshindwa. Nawaomba walimu wenzangu wautafakari utaratibu huo. Ni nadra katika shule zetu kumpata mtoto aliyeanguka jaribio la kwanza akapewa la pili mbele ya mwenziwe wa kiasi chake, kisha la tatu, hadi jioni ajue hasa kimo chake.

Nilishinda mara mbili, nikashindwa mara tatu. Raundi ya tatu nilikutanishwa na msichana wa Gredi ya Saba, aliyevaa sweta ya shule iliyotoboka kiwiko. Nilimwonea huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyoniponza. Nilimgusa askofu wangu kabla sijafikiri, na sheria ya mchezo ni kwamba kete uliyoigusa sharti uicheze. Hatua sita baadaye mfalme wangu alikuwa amebanwa, hana pa kwenda. Yule mtoto alinyosha mkono kama kanuni za adabu zinavyotaka, akasema, "Pole, Mwalimu."

Mchezo ulipokwisha aliniuliza mlikuwa na nini mle kisandukuni. Nilikifungua. Akakitoa kibanda kimoja, akakipitisha kidole gumba ubavuni, kwa namna ya mtu akikagua kazi yake mwenyewe. Akaniambia, "Hizi ndizo baba hutengeneza nyumbani. Mama na sisi huzisugua kwa msasa majini." Nikamwuliza kama ni babaye aliyemfunza kucheza. Akacheka. "Baba hajui kama huu ni mchezo, Mwalimu. Yeye anajua ni oda."

Ndugu msomaji, neno hilo lilinikosesha usingizi.

Wiki chache baadaye nilifunga safari hadi Tabaka, kule Mugirango Kusini, nikaketi na wachongaji. Jiwe huchimbwa kwa mikono, kwa sululu na mtaimbo, kutoka mashimo yaliyo wazi. Hutoka likiwa jeupe, la kijivu, la manjano hafifu, au lenye wekundu wa waridi. Wanaume kwa kawaida huchonga. Wanawake husugua na kung'arisha, na hutumia maji, kwani vumbi lake ni adui wa mapafu. Mzee mmoja alinihesabia kete za sataranji kwa kichwa bila kukosea: kubwa mbili, zinazofuata mbili, kisha nne, nne, nne, na ndogo 16. Nikamwuliza, "Mzee, kwa nini ndogo ni nyingi hivyo?" Akanijibu, "Ndivyo wenye kuagiza walivyotaka."

Hebu tujiulize. Mtu huyo amewachonga wafalme kwa miaka, na hajapata kuambiwa kuwa mfalme huenda hatua moja tu. Amechonga farasi asijue kwamba farasi ndiye pekee anayeruka juu ya wengine. Kazi ya mikono yake huuzwa Nairobi na Mombasa na kusafirishwa hadi Ulaya na Marekani, ikapamba rafu za watu wasiomfahamu. Wakati huohuo, shule iliyo karibu naye haina hata ubao mmoja wa mchezo huo. Kama huko si kulia gaeni, basi sijui gae ni nini.

Wala tusidhani kwamba jiwe hili halina heshima duniani. Elkana Ong'esa, mzaliwa wa Tabaka, alilichonga hadi kazi yake ikasimamishwa katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Heshima tunayo. Tulichokikosa ni desturi ya kutumia wenyewe tunachokitengeneza.

Wenzetu wa ng'ambo hawakutenganisha hivyo mikono na akili. Mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha mwaka 1913 kitabu cha kanuni za kupiganisha askari wa sanamu sakafuni. Kutokana na mchezo wa namna hiyo kumezuka leo mashindano ambamo watu wazima hukutana na majeshi madogo ya mezani, wengine na vyombo vya angani vidogo kama kidole, ambavyo aghalabu wamevipaka rangi kwa mikono yao. Huko, anayetengeneza kete ndiye huyohuyo anayezicheza, na hakuna anayemcheka. Kwetu sisi wenye jiwe, anayechonga ni mmoja, anayecheza ni mwingine, na hawajapata kuonana.

Wapo watakaosema kwamba shule si mahali pa michezo ya kukaa kitako. Watasema drafti ni ya wavivu wa sokoni, karata ni za wacheza kamari, na kwamba mtoto ana mtihani mbele yake. Nawaelewa, kwa maana mimi pia nilikuwa na fikira hizo. Lakini hebu tuyaangalie yaliyomo ndani ya ubao huo wenye miraba 64.

Mwenye kete nyeupe ana njia 20 za kuanza, na mpinzani wake ana 20 za kumjibu. Kwa hatua moja tu ya kila mmoja, hali zinazowezekana ubaoni zimekwisha kuwa 400. Mwalimu wa hisabati anayetafuta mfano wa kuzidisha aende wapi tena? Farasi aliye pembeni kabisa ana miraba miwili tu ya kurukia. Akiwa katikati ana minane. Na ile hadithi ya kale ya mtu aliyeomba punje moja ya nafaka katika mraba wa kwanza, mbili katika wa pili, nne katika wa tatu, hivyo hivyo hadi wa mwisho, humfunza mtoto maana ya kipeo. Jumla yake ni punje 18,446,744,073,709,551,615, na hakuna ghala duniani linaloweza kuzipokea.

Zaidi ya hesabu kuna malezi. Sheria ya kuguswa kwa kete humfunza kijana kufikiri kabla ya kutenda, funzo ambalo sisi wazazi hulihubiri kila siku bila mafanikio. Na mtoto wa Gredi ya Saba akimshinda mwalimu wake mbele ya watu, kisha wakapeana mikono, wote wawili hupata somo ambalo halimo katika kitabu chochote cha kiada.

Tena hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Katika mtaa wa Katwe, Kampala, mwalimu Robert Katende aliwafunza watoto wa kimaskini mchezo huu, na mmoja wao, Phiona Mutesi, akaiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji. Dunia ilitengeneza filamu juu yake mwaka 2016. Katwe hakuna machimbo ya jiwe. Sisi tunayo.

Nini basi kifanyike? Nina mapendekezo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili kutoka ng'ambo.

Kwanza, wachongaji wa Tabaka wafunzwe mchezo wenyewe. Jumamosi moja ya mwalimu mmoja na mbao chache yatosha kuanzia. Mchongaji anayejua kwamba farasi huruka atamchonga farasi anayeonekana kuruka. Pia atajua ni kwa nini mfalme lazima amzidi malkia kwa kimo, na kazi yake itapata thamani zaidi sokoni.

Pili, pachongwe kete za shule. Zisiwe za kumfurahisha mtalii. Ziwe za umbo lile la Staunton, imara, zenye kitako kipana na zisizo na sehemu nyembamba za kuvunjika. Zitumiwe katika mazoezi na katika mashindano ya baina ya shule, ambayo hayahesabiwi katika orodha ya kimataifa, na ambayo waandaaji wake wanaweza kuyatungia kanuni zao. Kwa michuano mikubwa, plastiki na itumike. Sina ugomvi nayo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliziachia serikali za kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Kaunti za Kisii na Nyamira zinaweza, kwa mamlaka hayo, kuwapa vijana wa vyuo hivyo kazi ya kuchonga seti moja kwa kila shule.

Tatu, na hili ni letu sisi walimu: tusingoje. Ubao unaweza kuchorwa juu ya boksi. Kete zinaweza kuwa vifuniko vya chupa vilivyoandikwa herufi. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini mwaka 2019, unatuhimiza tumpime mtoto kwa yale anayoweza kuyatenda. Haya ni mojawapo ya hayo.

Najua kuna atakayeniambia kwamba mchongaji anataka chakula, hataki mchezo. Ni kweli. Lakini nani alisema kwamba maskini anastahili mkate peke yake? Yule msichana hula ugali uleule unaotokana na kete anazozisugua, na bado aliweza kuketi mbele yangu akaona hatua sita mbele wakati mimi niliona mbili. Tofauti yake na watoto wengine wa kijiji chake si akili. Ni kwamba shuleni kwake kulikuwa na mwalimu mmoja aliyejali.

Kisanduku changu sikurudi nacho Nyamira siku ile. Nilimpa yule msichana, nikamwomba jambo moja tu: jioni ile, kabla ya kazi za nyumbani, ampange babaye kete zile mezani na kumwonyesha jinsi kila moja inavyokwenda.

Nilipofika Tabaka nilimtafuta baba huyo, nikamwuliza kama binti yake alinitimizia ahadi. Aliniambia kwamba wameshacheza mara nyingi, na kwamba hajapata kumshinda hata siku moja. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu mwenye jambo zito, kama ni halali askofu kwenda mshazari hadi mwisho wa ubao bila kusimama.

Nilimwambia ni halali. Akatikisa kichwa, akaliokota jiwe lililokuwa miguuni pake, akaanza kuchonga askofu mpya, mwembamba kidogo kuliko wale wa kwanza.