Mwanaume suruali, au mwanaume kikoi?

Mwezi huu sina la kumshauri mtu kabla sijakiri la kwangu. Yalinikuta nyumbani kwangu, Iringa, na chanzo chake ni kipande cha nguo.

Mume wangu ni mtu wa Pangani, Tanga. Mimi ni binti wa Mbeya. Tulikutana chuoni, tukaoana, kazi zikatuleta Iringa. Kwa muda wote huo mwenzangu ana tabia moja: akirudi kazini anaoga, anavua suruali, anajifunga kikoi, anavaa fulana yake, anakwenda kukaa barazani na kikombe cha chai. Kwao ndivyo walivyo. Ukipita Pangani jioni utakuta wazee kwa vijana wamejifunga vikoi na misuli, wanacheza bao, na hakuna anayegeuka kuwatazama. Yeye mwenyewe husema, “Mimi nikivua suruali ndipo najua kazi imeisha.”

Jumamosi moja akatoka na kikoi chake hadi getini kuosha gari. Jirani yangu akapita akitokea sokoni. Akasimama, akamwangalia, kisha akaja kunong'ona mlangoni kwangu: “Shoga, shemeji kaishiwa suruali? Au umemlisha kitu?” Akacheka. Nami nikacheka, lakini moyoni niliungua.

Wewe unayeishi huku unajua kwa nini niliungua. Huku bara kijana akionekana kajifunga khanga ya mama yake, watu wanajua katoka jandoni na kidonda hakijapona. Mtu mzima akionekana hivyo, wengi wanajua jibu: limbwata. Mke kamkalia, kamfanya ndondocha. Kumbe kikoi amevaa yeye, lakini anayevuliwa nguo ni mimi!

Usiku ule nikamwambia, “Baba Junior, usitoke tena nje na hicho kitu. Watu wanaongea.” Akaniuliza, “Watu gani?” Sikuwa na jibu. Nikasema, “Watu.” Akanyamaza.

Jamani, ukimya wa mwanaume usiuone kama ushindi. Kuanzia siku hiyo hakukaa tena barazani. Akirudi alibaki na suruali yake ya kazini mpaka saa ya kulala, akiwa kama mgeni anayesubiri kuagwa. Baadaye akaanza kuchelewa. Mara yuko na wenzake Miyomboni, mara anaangalia mpira. Mimi nikaanza kuwaza mambo mengine kabisa, unajua tena sisi wanawake. Nilikagua hata simu. Sikupata kitu.

Mwezi Julai tukasafiri kwenda Mbeya kwenye sendofu ya mdogo wangu. Baridi ya Julai ya Mbeya haihitaji maelezo. Usiku nikafungua begi lake nimtolee nguo ya kulalia, nikakuta suruali tatu na traksuti. Nikamuuliza, “Kikoi kiko wapi?” Akajibu bila hasira yoyote, “Nimekiacha. Sitaki kukuaibisha kwenu.”

Nikakaa kitandani. Akaendelea: “Mke wangu, hapa kwenu ningevaa suruali hata usingeniambia. Siwezi kukaa na kikoi mbele ya mama mkwe, hiyo ni heshima. Lakini kule Iringa ni nyumbani kwangu. Umenifukuza kwenye baraza langu kwa ajili ya mtu aliyekuwa anapita.”

Mpenzi msomaji, sikulala vizuri.

Kesho yake nikiwa jikoni na dada zangu na mashangazi tukimenya ndizi, nikalitupa swali: mumeo akijifunga shuka akatoka nje, utafanyaje? Mmoja akasema, “Weee! Nitajisikia kama mimi ndiye niliyeoa.” Mwingine akasema, “Ndani sawa, hata akivaa khanga yangu. Nje hapana.” Dada yangu mkubwa, aliyewahi kuishi Zanzibar, akacheka sana: “Nyie hamjui. Mwanaume msafi, katoka kuoga, kajifunga kikoi chake vizuri, hapo suruali inaingia wapi?” Shangazi akatuambia tunyamaze, tuna adabu gani.

Nikaenda Mwanjelwa kununua vitu, na njiani nikawa naangalia watu kwa jicho jingine. Wamasai wawili wakapita na mashuka yao na viatu vya matairi. Hakuna aliyegeuka! Nikajiuliza, kwa nini Mmasai akivaa ni sawa na mume wangu akivaa ni kioja?

Hata Wamasai hawakuachwa hivi hivi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali iliendesha kampeni ya kuwataka waache lubega na wavae suruali, kwa madai kwamba vazi lao linaonyesha nchi iko nyuma. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU nao ukatangaza Operesheni Vijana, iliyopiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana kuanzia Januari 1969. Kwa maneno mengine, kuna wakati hapa hapa Tanzania suruali ilikuwa inalazimishwa kwa mmoja na inakatazwa kwa mwingine. Wamasai walishikilia shuka lao, na leo tunalionea fahari kwenye kalenda za utalii.

Na sisi wa nyanda za juu tusijifanye tulizaliwa na suruali. Mgolole ni nini? Ni shuka la Wahehe, mzee analitupia begani na kulizungusha mwilini. Mashujaa waliowashinda Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891 chini ya Mtwa Mkwawa hawakwenda vitani wakiwa na suruali zilizopigwa pasi. Kuna anayethubutu kusema hawakuwa wanaume?

Kuna wenzetu wengine wa nyanda za juu, wa mbali kidogo: Waskoti. Vazi lao la heshima kwa mwanaume ni kilti, yaani nguo ya sufu ya mirabamiraba, yenye mikunjo nyuma, inayoishia magotini. Kwa macho ya Mwanjelwa ni sketi tu. Baada ya uasi wa mwaka 1745, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 1746 iliyowakataza wanaume wa nyanda za juu za Scotland kuvaa vazi hilo, na ilifutwa mwaka 1782. Leo bwana harusi wa Kiskoti anavaa kilti siku ya ndoa yake na bibi harusi anamshika mkono kwa maringo. Hata Mfalme Charles akiwa Scotland huonekana nayo. Bila shaka wapo wanaotaniwa mitaani na kuulizwa ndani wamevaa nini. Lakini mke hasimami na wanaocheka.

Na hapa kwetu? Padri akipita na kanzu ndefu tunasema, “Tumsifu Yesu Kristo.” Shehe akitoka msikitini Ijumaa na kanzu yake tunampisha. Mhitimu wa chuo kikuu anavaa joho na tunampiga picha. Hakuna anayeuliza suruali iko wapi. Kikoi nacho, kilichofumwa kwa pamba, chenye mistari ya rangi pembeni na vishada, wazungu wanakinunua Lamu na Zanzibar na kwenda nacho kwao. Sisi tunakiita nguo ya kuogea.

Kinachonichekesha zaidi ni kwamba tunao msemo wetu wenyewe: mwanaume suruali. Tunamwita hivyo yule asiyelea watoto, asiyelipa kodi ya nyumba, ambaye uanaume wake umebaki kwenye vazi tu. Sasa ikiwa tunajua suruali haimfanyi mtu kuwa mwanaume, kwa nini akiivua jioni tunaogopa uanaume umekwisha? Wangu analipa ada, anamwogesha mtoto, anajua dawa ya presha ya mama yangu inaitwaje. Yote hayo huyafanya akiwa na kikoi.

Tuliporudi Iringa nilikitoa kikoi chini ya sanduku, nikakifua, nikakipiga pasi, nikakiweka kitandani. Sikusema kitu, na yeye hakusema kitu. Jioni akakivaa na kutoka barazani. Haikupita nusu saa, geti likagongwa. Alikuwa jirani yule yule. Mume wangu akainuka haraka kwenda ndani kubadili. Nikamshika mkono, nikamwambia, “Kaa, Baba Junior. Chai yako inapoa.”

Jirani akaingia, akaangalia kikoi, akaniangalia mimi. Nilimkaribisha kiti. Tukaongea habari za bei ya mahindi na shida ya maji, akaaga akaenda zake. Basi. Hakuna aliyekufa. Kama alikwenda kusema kwingine, alisema akiwa kwingine.

Sisemi kila mume wa Iringa na Mbeya akanunue kikoi kesho. Kila vazi lina mahali pake, na ofisini au ukweni kuna taratibu. Ila nimejifunza haya, nawe yapime:

Kwanza, kabla hujamkataza mwenzako kitu, jiulize: kinanikera mimi, au naogopa maneno ya watu? Kama kinakukera wewe, mwambie hivyo. Usijifiche nyuma ya “watu”.

Pili, tofautisha heshima na aibu. Heshima mwenzako anaitoa mwenyewe, kama mume wangu kwa mama yangu. Aibu unamvisha wewe.

Tatu, ukioa au kuolewa na mtu wa kwingine, umepokea na jioni zake. Mimi nilipokwenda Pangani mara ya kwanza mama mkwe alinifunga khanga mbili na nikazivaa. Sikuuliza watu wa Mbeya watasemaje.

Na nne, kwenu akina baba: ukiumia, sema. Kama mume wangu angeniambia siku ile ile ya Jumamosi, nisingepoteza muda kukagua simu isiyo na kosa.

Naandika haya usiku, yeye yuko barazani na kikoi chake, blanketi begani kwa sababu baridi ya Iringa haijui mila za Pangani. Nami naenda kukaa naye. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.